Namna ya Kusoma Nadharia za Kujifunza na za Haiba: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi anayeanza somo la saikolojia katika vyuo vya ualimu vya Unguja na Pemba hukutana mapema na mada mbili nzito, yaani nadharia za kujifunza na nadharia za haiba (hulka ya mtu inayomtofautisha na wenzake), na mara nyingi huzisoma zote mbili kwa njia ya orodha: jina la mtaalamu, nchi yake, mwaka, na mstari mmoja wa maelezo. Nimesahihisha karatasi nyingi za aina hiyo, zenye majina yote na zisizo na hoja hata moja. Njia ninayoieleza hapa ni nyengine. Chukua tukio dogo unalolijua mwenyewe, la nyumbani au la darasani, ulipitishe mbele ya kila nadharia, kisha uiulize kila moja inaona nini katika tukio hilo ambacho wenzake hawakioni.

Anza na kujifunza, hata kama kitabu chako kimetanguliza haiba, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano kuhusu haiba haieleweki mpaka ujue wanatabia, yaani wataalamu wanaochunguza tabia inayoonekana, walisema nini juu ya mazoea. Andika kwanza fasili katika daftari lako: kujifunza ni badiliko la kudumu kiasi katika tabia au uwezo wa mtu, linalotokana na uzoefu. Kisha ijaribu fasili hiyo kwa mifano. Sauti ya mvulana inapokuwa nzito, hilo ni badiliko la kudumu, lakini limetokana na ukuaji. Mtoto anaposinzia darasani kwa sababu alikesha kwenye maulidi, huo ni uchovu, na kesho utakuwa umeondoka. Mtoto wa Jambiani anayejua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuwa amefuatana na mama yake kwenye mwani amejifunza. Ukishindwa kueleza kwa nini mifano miwili ya mwanzo haimo na wa tatu umo, usiendelee mbele.

Kengele ya Pavlov na honi ya muuza boflo

Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mwanafiziolojia wa Urusi, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilihusu mmeng'enyo wa chakula. Ni kosa la kawaida katika mitihani kusema kuwa alituzwa kwa nadharia ya kujifunza. Aliona kwamba mbwa wake walidondokwa na mate kabla ya chakula kufika kinywani, na hilo ndilo lililompeleka kwenye uchunguzi uliomfanya ajulikane zaidi: kutanguliza sauti, kama ya kengele, kabla ya chakula, mpaka mbwa wadondokwe na mate kwa sauti hiyo peke yake.

Waache mbwa wa Pavlov kwa muda, umwangalie mtoto wa mtaani kwenu na muuza mikate ya boflo anayepita kwa baiskeli akipiga honi. Siku ya kwanza honi ni sauti tu. Mkate wa moto ni kichocheo cha asili, na mate yanayomtoka mtoto anapoutia mkate mdomoni ni mwitiko wa asili, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Baada ya siku kadhaa za honi kutangulia na mkate kufuata, mate huanza kumtoka kwa honi peke yake. Hapo honi imekuwa kichocheo kilichofunzwa, na mate yale yamekuwa mwitiko uliofunzwa. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa kuwa mate ni yale yale. Basi kumbuka kwamba jina la mwitiko hufuata kilichousababisha.

Mfano huu unafaa kwa sababu unabeba istilahi zote zinazofuata. Mtoto akikimbilia mlangoni kwa honi ya vespa, huo ni ujumlishaji. Akizoea kuitambua honi ya muuza mikate na kuzipuuza nyengine, huo ni utofautishaji. Muuzaji akipita juma zima akipiga honi bila ya kuwa na mikate, mwitiko hufifia. Na ikiwa atapotea siku kadhaa kisha honi isikike tena, mate yanaweza kurejea, ingawa kwa udhaifu; jambo hilo huitwa kurejea kwenyewe, na ndilo linalotuonyesha kwamba kufifia si kufutika.

Kutoka mate nenda kwenye hofu, kwani mwalimu atakutana na hofu zaidi kuliko mate. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner wa Marekani walimfundisha mtoto mchanga anayejulikana kwa jina la Albert kumwogopa panya mweupe, kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa. Hofu ile ikasambaa hadi kwa sungura na vitu vyengine vyenye manyoya. Kwetu utaiona kwa mtoto aliyechomwa sindano na muuguzi mwenye koti jeupe, ambaye Ijumaa inayofuata anamlilia ami yake aliyevaa kanzu nyeupe akienda msikitini. Unapoeleza jaribio la Albert katika mtihani, taja na kasoro yake: alikuwa mtoto mmoja tu, na aliondoka bila ya kuondolewa hofu aliyotiwa. Jaribio kama hilo leo halingeruhusiwa.

Liko jambo moja ambalo vitabu vifupi hulipita na ambalo msafiri wa Pemba atalielewa upesi. Mtu anayekula chapati bandarini, akapanda boti, kisha akatapika katika mkondo wa Nungwi, huenda akaichukia chapati kwa miaka, ijapokuwa anajua vyema kuwa mkosa ni mawimbi. Imetokea mara moja tu, na muda baina ya kula na kutapika ulikuwa mrefu, mambo mawili ambayo kanuni za awali zisingeyatarajia. Zaidi ya hayo, anaichukia chapati na wala hakichukii kiti alichokalia. John Garcia na Robert Koelling walionyesha mwaka 1966 kwamba panya huunganisha ladha na ugonjwa kwa wepesi, lakini huunganisha mwanga na sauti na maumivu ya umeme. Mwili, kwa maneno mengine, umeelekezwa tangu mwanzo kuunganisha baadhi ya mambo kuliko mengine. Aya moja ya hoja hii katika insha yako itamwonyesha msahihishaji kwamba unajua pia mpaka wa nadharia.

Maswali mawili ya kuuliza kuhusu malipo na adhabu

Edward Thorndike aliwafungia paka ndani ya masanduku yenye komeo na mwaka 1898 akaeleza jinsi walivyopunguza polepole matendo yasiyofaa na kubakisha lile lililofungua mlango. Kutokana na kazi hiyo ilitoka kanuni ya matokeo: tendo linalofuatwa na raha huimarika, na linalofuatwa na karaha hudhoofika. B. F. Skinner aliichukua kanuni hiyo akaijengea istilahi kamili, na istilahi hizo ndizo zinazowaangusha wanafunzi wengi kuliko kitu chengine chochote katika mada hii.

Tatizo liko katika maneno "chanya" na "hasi". Mwanafunzi anadhani chanya ni jema na hasi ni baya, kwa hiyo anaandika kuwa uimarishaji hasi ni fimbo. Sivyo. Chanya maana yake kitu kimeongezwa, na hasi maana yake kitu kimeondolewa. Uimarishaji maana yake tendo limezidi, na adhabu maana yake tendo limepungua. Kwa hiyo, mbele ya kila mfano, uliza maswali mawili kwa mpangilio huu: je, tendo limezidi au limepungua? Je, kitu kimeletwa au kimetolewa? Mwanafunzi aliyesifiwa akazidisha kusoma amepata uimarishaji chanya. Aliyechapwa akaacha kuchelewa amepata adhabu chanya, hata kama neno "chanya" linatukera masikioni. Aliyenyang'anywa simu akaacha utoro amepata adhabu hasi. Na wewe unayeshusha chandarua usiku, mlio wa mbu ukakuondokea sikioni, ukawa unakishusha kila usiku, umepata uimarishaji hasi.

Mfano wa chandarua ni mwepesi. Ulio muhimu kwa mwalimu ni huu. Mwanafunzi anasema tumbo linamuuma kila siku ya jaribio la hisabati, mwalimu kwa huruma anamruhusu aende nyumbani, na hofu inamwondokea pale pale. Mwalimu anadhani amesaidia, kumbe ameimarisha kukimbia. Jumatatu ijayo tumbo litauma tena, na si lazima mtoto awe anasema uongo.

Ratiba za uimarishaji, yaani utaratibu wa lini malipo hufuata tendo, zisome kwa kazi za watu wa visiwani, na hutazisahau. Mchuma karafuu anayelipwa kwa kila pishi yumo katika uwiano maalumu: malipo yanafuata idadi, naye huharakisha. Kijana anayetembeza kofia kwa watalii wa Forodhani yumo katika uwiano usiotabirika, kwa sababu hajui ni mgeni wa tatu au wa thelathini atakayenunua, na kwa hivyo haachi kuuliza. Mvuvi wa mshipi yumo katika muda usiotabirika: samaki atakula kwa wakati wake, na kuutikisa mshipi mara nyingi hakumharakishi. Mwanafunzi anayefungua daftari wiki ya mtihani pekee yumo katika muda maalumu, na mchoro wa bidii yake unafanana na ule wa wanyama aliowapima Skinner, ulio chini kwa kipindi kirefu kisha unapanda ghafla karibu na malipo.

Kujifunza kwa kutazama

Nenda kwenye baraza lolote linalochezwa bao alasiri, uwaangalie watoto waliosimama nyuma ya wazee. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na hesabu zake za kunamua na kutakata ni ngumu kiasi kwamba hakuna mzee anayezifundisha kwa mpango. Hata hivyo, siku kiti kinapobaki wazi, mtoto hukaa na kucheza. Hakuwahi kulipwa wala kuadhibiwa kwa kete hata moja. Skinner anapata tabu hapa, na Albert Bandura anaingia.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha baadhi ya watoto mtu mzima anayelipiga na kulitukana sanamu la mpira, na wengine wakaonyeshwa mtu mzima mtulivu au hawakuonyeshwa mtu. Watoto walioona ukali waliuiga, mara nyingine tendo kwa tendo na neno kwa neno. Wanafunzi wengi huishia hapo. Jaribio lenye faida zaidi ni lile la mwaka 1965, ambamo watoto walimwona mwigwaji akizawadiwa, akiadhibiwa, au akiachwa bila ya lolote. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo, lakini walipoahidiwa zawadi ikiwa watayarudia aliyoyafanya, tofauti ile ilitoweka. Kwa hiyo walikuwa wamejifunza wote. Kilichotofautiana ni kutenda. Tofauti baina ya kujua na kutenda ndiyo kiini cha Bandura, nayo hueleza hatua zake nne: kuzingatia, kuhifadhi kumbukumbu, kuweza kurudia kwa viungo, na kuwa na sababu ya kurudia.

Haiba: tukio moja, macho mengi

Sasa ingia kwenye haiba ukiwa na tukio moja tu mkononi. Mimi hutumia hili: kijana wa Kidato cha Tatu, mkimya darasani, hanyanyui mkono hata anapojua jibu, lakini jioni, akiwa kwenye ngarawa ya baba yake, ndiye anayepaza sauti kuliko wote, anaamrisha tanga na kuwatania wenzake. Haiba yake ni ipi?

Sigmund Freud, aliyeeleza muundo wa nafsi mwaka 1923, angetafuta mgogoro wa ndani baina ya sehemu tatu: idi, inayotaka raha papo hapo (na neno hili halina uhusiano wowote na sikukuu yetu), supaigo, yaani sauti ya wazazi na miiko iliyoingia ndani, na igo, inayosuluhisha. Angeuliza ni nini kinachozuiwa darasani na kuachiwa baharini. Ugumu wa nadharia hii ni kwamba kijana akisema anamwogopa mwalimu inathibitika, na akikana inathibitika pia, kwa kuwa kukana nako huhesabiwa kuwa kinga ya nafsi. Liandike hilo waziwazi katika sehemu ya tathmini.

Erik Erikson, mwenye hatua nane za maisha, angetazama umri: kijana huyu yumo katika hatua ya utambulisho dhidi ya mkanganyiko wa nafasi, na huenda anajijua kama mvuvi kuliko anavyojijua kama mwanafunzi. Carl Rogers angeuliza ikiwa darasani anathaminiwa bila ya masharti au kwa sharti la kutoa jibu sahihi. Abraham Maslow nimruke kwa haraka, kwa sababu piramidi yake ya mahitaji ya mtu, yenye chakula na usingizi chini kabisa, kila mtu anaijua. Inatosha kuuliza kama kijana huyu amelala na amekula, maana huenda alirudi kutoka baharini alfajiri.

Wanasifa, yaani wanaoeleza haiba kwa sifa za kudumu za mtu, ndio wanaohitaji utulivu. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakapata karibu maneno 18,000 yanayoweza kumwelezea mtu. Raymond Cattell akayapunguza kwa hesabu hadi sifa 16, na watafiti wa baadaye wakafikia sifa kuu tano: uwazi wa kupokea mapya, umakini na nidhamu, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kupatwa na wasiwasi. Usizikariri kabla ya kufanya zoezi hili. Andika maneno 40 ambayo watu wa kwenu huyatumia kumsifu au kumlaumu mtu, kama vile mchangamfu, mkimya, mstahamilivu, mkorofi, mjuaji, mroho, mtu wa watu, mwenye haya. Kisha yagawe katika mafungu kwa kufuata maana. Mengi yataingia katika yale matano, lakini utaona "haya" inakusumbua. Kwa Kiingereza inaweza kuangukia kwenye wasiwasi. Kwetu ni pambo la mtu, na asiyekuwa nayo ndiye mwenye kasoro. Msumbuko huo ndio mwanzo wa kuihakiki nadharia.

Ukimwuliza bibi yako, huenda utapata nadharia ya zamani zaidi. Balghamu na safura, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, ni mabaki ya tiba ya Kiyunani ya majimaji manne ya mwili, ambayo Galen aliyahusisha na hulka za watu. Hans Eysenck alionyesha kwamba hulka hizo nne zinaweza kupangwa juu ya vipimo vyake viwili, yaani uchangamfu na uthabiti wa hisia.

Lakini mwanasifa anamweka wapi kijana wetu, akiwa mkimya saa nne na mchangamfu saa kumi na moja? Hilo ndilo swali la Walter Mischel, aliyedai mwaka 1968 kwamba mazingira hutabiri tendo la mtu kuliko tulivyozoea kuamini. Mwanatabia angeongeza: chunguza alichovuna kila mahali. Labda darasani aliwahi kukosea akachekwa, na kwenye ngarawa amri zake hutiiwa. Bandura angesema kwamba kijana ana imani na uwezo wake baharini na hana imani hiyo darasani, kwani imani hiyo hufuata kazi mahususi. Hapo utaona kwa nini nilikutaka uanze na kujifunza: kwa hawa wawili, haiba ni historia ya kujifunza.

Tahadhari moja kuhusu Julian Rotter, aliyegawa watu kwa kuangalia kama wanaamini matokeo yanatokana na juhudi zao au na nguvu za nje. Baadhi ya wanafunzi huandika kwamba mtu anayesema inshallah ana udhibiti wa nje. Huo ni usomaji wa juujuu, kwa kuwa mkulima anayesema inshallah na alfajiri akashika jembe ameyaunganisha yote mawili, na dodoso haliwezi kumweka upande mmoja kwa neno moja.

Namna ya kuandika na kurudia

Swali la mtihani likikutaka ulinganishe nadharia mbili, usiandike kurasa mbili za moja na mbili za nyengine. Weka tukio katika aya ya kwanza, kwa sentensi tatu. Aya ya pili iwe ya mahali ambapo nadharia zote mbili zinakubaliana. Kisha tafuta mahali zinapotofautiana katika utabiri: Skinner anatabiri kwamba mtoto wa barazani hatacheza bao mpaka aimarishwe, na Bandura anatabiri kwamba ataweza kwa kutazama. Utabiri ukitofautiana, ushahidi una kazi ya kufanya, na majina na miaka uliyoisoma hupata mahali pake pa kukaa.

Kurudia nako kufuate ushahidi wa somo lenyewe. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kuwa usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua, kwa hiyo marudio ya kwanza yawe siku inayofuata, si mwisho wa muhula. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojipima kwa kukumbuka. Ukipanda daladala ya Tunguu asubuhi, liache daftari ndani ya mkoba. Chukua honi, chandarua, bao na ngarawa kwa mpangilio huo, ueleze kila kimoja kimoyomoyo kwa istilahi zake, na ukishuka ndipo ufungue daftari kuangalia ulipokosea.